Meza iliyokuwa nyuma ya mgongo wa Verna

Saa nne asubuhi, ukumbi wa kasino katikati ya mji wa Reno umeshajaa moshi wa sigara na wastaafu. Verna Stoltz anapiga makofi mara moja, anageuza viganja juu ili kamera ya darini ione kwamba hajaficha kitu, kisha anapokea meza ya ruleti kutoka kwa mwenzake. Anazungusha gurudumu, anarusha kijipira.

"Haya, wekeni, msinionee aibu," anawaambia wachezaji. "Mnazitunzia nani hizo?"

Wanacheka. Yeye hacheki. Ana miaka sitini na mmoja, magoti yamevimba, na Machi ijayo ndipo alipopanga kuacha kazi hii. Hataacha.

Hataacha kwa sababu moja ambayo haimpambi. Mwanamke huyu aliyechezesha ruleti kwa miaka thelathini na moja alichukua akiba yake ya uzeeni na kwenda kuichezea ruleti.

"Andika hivyo hivyo," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Usinionee huruma. Huruma nilishajionea mwenyewe, imeisha."

Mshahara wake ni dola kumi na mbili kwa saa. Kinachomlisha ni bahashishi, vile vibao vya plastiki vinavyotumika mezani badala ya pesa, ambavyo mchezaji aliyeshinda humsukumia mchezeshaji kama ahsante. Kwa njia hiyo, na kwa kula maharage ya kopo miaka nenda miaka rudi, alikusanya dola elfu arobaini na nne. Dada yake, Corinne, anayeishi mji mdogo wa Fallon, mwendo wa saa moja kwa gari, alimtengea chumba chenye dirisha la kuelekea mashamba ya majani ya ng'ombe. Verna alishanunua pazia lake.

Sasa kuna aina ya wachezaji ambao kila mchezeshaji anawajua. Huyu anaweka dola kumi kwenye nyekundu, akibashiri kwamba kijipira kitaangukia namba ya rangi hiyo. Akikosa anaweka ishirini. Akikosa tena arobaini, kisha themanini, na kuendelea. Siku nyekundu ikitoka, anarudisha yote aliyopoteza na kubaki na faida ya dola kumi. Ukiisikia kwa mara ya kwanza unaona haina tundu. Na kweli, mara nyingi mtu anaondoka na faida yake ndogo, anatabasamu.

Bwana Pruitt, fundi bomba mstaafu, alicheza hivyo kwenye meza ya Verna kwa miaka tisa. Alikuwa mtu wa adabu. Akishinda, kibao kimoja kwa Verna. Akipoteza mara nne mfululizo, alikusanya vibao vyake, akamuaga na kuondoka.

"Nikawa namsifu moyoni," anasema Verna. "Nikasema, huyu mzee ana breki. Wengine wanaangamia kwa tamaa, huyu anajua pa kuishia."

Mchezeshaji haruhusiwi kuipa kisogo meza yake. Macho yake yanakaa kwenye vibao, gurudumu na mikono ya watu. Verna aliishika kanuni hiyo kwa uaminifu, na uaminifu huo ndio uliomponza.

Mwaka juzi alianza. Sheria za mwajiri wake zinamkataza kucheza pale anapofanya kazi, kwa hiyo kila Ijumaa jioni, zamu ikiisha, alivuka barabara na kuingia kasino ya jirani. Alianza na dola ishirini na tano, akiongeza maradufu kila akikosa. Akifikisha faida ya mia mbili, anakwenda zake kula supu.

Ijumaa ishirini na moja hakukosa hata moja.

"Zaidi ya dola elfu nne, bila kutoka jasho!" anasema. "Nikampigia Corinne, nikamwambia, shoga, hicho chumba tutakiwekea na bafu lake. Akaniuliza, wewe Verna, umeiba? Nikamwambia mimi nina elimu."

Ijumaa ya ishirini na mbili mchezeshaji alikuwa Emil Tavarez, aliyewahi kufanya naye kazi kwa miaka kumi na moja kabla ya kuhamia kasino hiyo. Verna aliweka nyekundu. Ikatoka nyeusi. Akaongeza. Nyeusi. Mara ya tano kijipira kikaangukia sifuri ya kijani, ambayo haina urafiki na nyekundu wala nyeusi. Mara ya saba aliweka dola elfu moja na mia sita, akakosa. Iliyofuata ilikuwa elfu tatu na mia mbili, lakini kibandiko cha pale mezani kilisema mwisho ni elfu mbili.

Pesa alikuwa nazo. Meza ndiyo iliyomkatalia. Ndani ya dakika kumi alipoteza dola 3,175, robo tatu ya faida ya miezi mitano.

Mtu mwenye akili angeishia hapo, na Verna anakubali. Badala yake alihamia meza ya wakubwa, inayoruhusu madau makubwa zaidi, akaanza na dola mia moja. Huko alianguka mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Akabadili mtindo: akikosa anaongeza kiasi kidogo tu, akishinda anapunguza. "Huo unakuzamisha taratibu," anasema. "Unapata hata muda wa kuagiza kinywaji." Akajaribu kuongeza anaposhinda badala ya anapopoteza. Hapo hasara zilikuwa ndogo, lakini ili apate cha maana alihitaji kushinda mfululizo, na mfululizo haukuja.

"Kila mtindo unapanga tu jinsi utakavyopoteza," anasema. "Gurudumu halijui uliweka nini mara iliyopita. Mimi nimelizungusha miaka thelathini na moja, nilikuwa sijui hilo? Nilijua! Ila nilimwona Bwana Pruitt."

Zilipobaki dola elfu mbili na ushee, alikutana na Emil kwenye maegesho ya magari, akamtajia Bwana Pruitt na breki zake. Emil akamkodolea macho.

"Dada Verna, yule mzee alikuwa haachi. Alikuwa anahama."

"Anahama kwenda wapi?"

"Kwangu, enzi zile tukifanya kazi pamoja. Meza ya nyuma yako, pale kwenye nguzo. Eti anabadili upepo. Anakuja na dau la tano palepale alipoachia kwako. Siku nyingine linamrudishia, anakuja kukupa kibao chako. Siku nyingine linamla lote. Nyumba yake iliishia kwangu, dada."

"Mshenzi wewe! Miaka yote hiyo hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Nilijua unaona."

"Na mimi nilipokuwa nakufa mbele yako?"

"Ningefungua mdomo, ningefukuzwa. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo."

Verna alikaa kwenye gari lake bila kuwasha injini.

Corinne alipojua akiba imeliwa, alisubiri hadi Agosti, kisha akampangisha chumba muuguzi kijana. Pazia alilirudisha kwa posta.

Mchana huu, kwenye kiti cha pembeni, mwanamume mwenye kofia yenye nembo ya trakta anaongeza dau maradufu na kushinda. Mkewe anamwinamia Verna. "Mama, wewe umeona mengi. Hivi hii kitu inafanya kazi kweli?"

Msimamizi amesimama hatua mbili tu kutoka pale. Verna anamtazama yule mama kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Kila la heri, mpenzi wangu," anamjibu.

Yule mume anasukuma kibao chekundu upande wake. Bahashishi hukusanywa na kugawanywa kwa wachezeshaji wote, hivyo kukikataa haruhusiwi. Anakigonga mezani, anakitumbukiza kwenye kisanduku na kushukuru.

Kwa hesabu yake atastaafu akiwa na miaka sitini na saba. Nini mpango wake baada ya hapo?

"Nitarudi hapa kama mteja," anasema. "Nitakaa karibu na mke wa mtu kama yule, sitaweka hata dola moja, na akiniuliza nitamjibu. Nitamwambia mshike mumeo mkono, mkanywe kahawa, mwende nyumbani. Huyo mmoja tu ananitosha."

Anasugua goti.

"Lakini ni miaka sita. Sijui mpaka siku hiyo ni wangapi watakuwa wameshanipa bahashishi."