Chungu cha Rangi Maonyeshoni Voi

Mpaka leo sijui kama siku ile nilipaswa kufungua mdomo.

Tulishuka kutoka Bura juu ya lori la kabichi, mimi na mama, tumekumbatia chungu cheusi na mafungu ya nyuzi za mkonge. Ilikuwa miaka ya hamsini, na Voi kulikuwa na maonyesho ya kazi za mikono. Tuliambiwa kwamba mwanamke atakayewapendeza wakubwa atapewa darasa, awafundishe wasichana wa wilaya nzima kusuka vyondo na kutia nyuzi rangi. Mama aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote nilichowahi kumwona akikitaka. Mabinti zake tulikuwa na mikono mizito, mimi nikiwashinda wote, na alitutamkia waziwazi kwamba kwa sababu yetu kazi yake ataingia nayo kaburini.

Sasa, kwa mama, na kwa mama yake kabla yake, chungu cha rangi kikishakaa motoni hakuna kusema. Kila aliye karibu na moto hufunga mdomo mpaka nyuzi zitolewe. Hata salamu haijibiwi. Ukisema, rangi inakataa. Nyumbani hilo halikuwa na shida, kwani jirani akiona moshi nyuma ya nyumba alipitia mbali. Lakini Voi nani alijua?

Magome ya mti ya kutolea rangi yalikuwa yameanza kuchemka chunguni wakubwa walipofika: memsabu mwenye kofia, chifu, na karani wa kutafsiri.

"Hujambo mama. Hebu waeleze wageni hii rangi unaitoa wapi," karani akasema.

Mama akakoroga. Karani akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Mama akamtazama kwa upole, akaonyesha magome kwa kidole, akaendelea kukoroga.

"Kwani huyu ni bubu?" karani akaniuliza.

Nilichanganyikiwa vibaya. Nami nilikuwa nimepiga magoti kando ya moto uleule. Nikisema, rangi ya mama inaharibika mbele ya watu. Nikinyamaza, darasa linakwenda. Nilimtazama mama anipe ishara, lakini macho yake yalikuwa chunguni. Nikatikisa kichwa tu.

"Na huyu pia," karani akasema. Chifu akacheka, nami nikatamani kumrushia kuni.

Memsabu aliinama, akasema neno kwa Kiingereza kwa sauti ya kuhurumia wagonjwa, kisha wakahamia kwa jirani yetu. Huyo alikuwa mwanamke wa mjini mwenye rangi za unga wa dukani, aliyeeleza kila kitu, hata mambo asiyoulizwa. Nikasikia makofi. Baadaye nikawaona wakipanda gari lao na kuondoka.

Ndipo mama akatoa nyuzi. Zilikuwa na wekundu mzito, kama udongo wa kwetu ukinyeshewa, umekolea sawasawa kila mahali. Kama ni kimya kilichouleta, au ungetoka vilevile hata tungeimba, sielewi. Nilipokuwa na jiko langu mwenyewe nilijaribu mara nikinyamaza, mara nikiongea, na zote zikatoka mbaya.

Mama alizianika kwenye kamba, akafuta mikono, akanigeukia uso umejaa furaha.

"Imekubali," akasema. "Haya, waite wale wageni. Sasa nitawaeleza."