Picha ya Direkta Mupya

Musinicheke sana. Kwa televisheni yetu ndogo ya Panda, miaka ile watu walileta picha ya paspoti kwa ajili ya kilio tu: tunaonyesha picha ya marehemu na nyimbo za kwaya, karatasi ya tangazo tunaisoma kisha.

Siku hiyo minye sikutulia. Nilizunguka fonie, ile redio yetu ya kuitana, nikingojea wakubwa wa Lubumbashi wataje direkta mupya wa televisheni, na moyoni direkta alikuwa minye. Dereva wa gari la kutoka Lubumbashi akaleta picha ya paspoti na karatasi. Nikaitia picha hewani, kwaya ikalia saa nzima, karatasi sijaigusa.

Muntu wa ile picha akaingia na valizi ya nguo mukononi, bibi yake wa ndoa nyuma, amefunga tayari kitambaa cha matanga.

—Soma karatasi sasa, papa, yule muntu akaniambia. Kwa sauti.

—«Direkta wenu mupya ni...»

Nikainua macho. Muntu wa picha alikuwa anangojea jina lake.