Mshindi wa Nansio Hajalipa

Mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua. Mama yangu anasema nilipozaliwa nililia kidogo tu, halafu nikanyamaza nimsikilize mkunga anasema nini. Kwa hiyo nilipoanza kuendesha mnada kwenye simu, faida haikuwa kitu cha kunivuta sana, maana faida yenyewe ni ya kubangaiza. Walionivuta ni watu. Unaweka picha ya sufuria asubuhi, unaandika bei ya kuanzia, halafu unakaa barazani kwako Nyakato unawaangalia watu wazima, wengine na vyeo vyao, wanavyopandishiana dau la sufuria mpaka jioni. Raha iliyoje!

Sheria za kundi letu nilizitunga mwenyewe. Jioni nikishaandika "Limekwenda!", aliyetaja dau la mwisho ndiye mshindi. Analipa kwa simu, na mzigo wake naupeleka stendi au bandarini. Akishinda halafu akanyamaza, kitu kinakwenda kwa aliyemfuata, na yeye tunambandika ukutani. Ukuta wetu ni picha yake ikiwekwa mbele ya kundi zima na maneno haya: "Huyu anashinda kwa mdomo." Watu wanacheka mpaka mhusika anajitoa kimyakimya. Niliwahi kumbandika shemasi mmoja, nikasikia baadaye alihamia ibada ya asubuhi sana ili asikutane na watu.

Wachelewaji wangu nilikuwa nawajua vizuri. Walimu wa Butimba hawana maneno mengi. Wanakwambia subiri mshahara, na mshahara ukitoka simu yangu hailali. Vijana wa viwandani hapa Nyakato wanalipa wakipata posho, na wakikosa wanasema mtandao unasumbua. Mkulima wa mpunga anakwambia wazi kwamba bado hajauza, na akiuza analipa na kukuongezea kilo za mchele. Ila watu wa visiwani walinishinda. Walikuwa wananyamaza wote kwa pamoja, halafu wanalipa wote kwa pamoja, utadhani wameitisha kikao. Siku moja niliuliza kwenye kundi, jamani, watu wa visiwani mna nini? Wakanirushia vikatuni vya kucheka, basi.

Ndipo ikaja zamu ya cherehani ya mama.

Ilikuwa cherehani ya kukanyaga, nyeusi, miguu yake ya chuma imesukwa maua. Mama aliishonea sare za shule za mtaa mzima, na hizo sare ndizo zilizotulisha mimi na kaka yangu. Mwaka huu mikono yake ilianza kutetemeka. Akijaribu kutunga uzi, sindano inamkimbia. Siku moja akaifunika kwa kitambaa, akaniita.

"Bhebhe," akasema, yaani wewe, na mama akianza na Kisukuma ujue hapo hakuna mzaha, "iuze. Lakini iende kwa mtu atakayeikanyaga. Sitaki kuiona imekuwa meza ya bia."

Nilijua alikotoa hilo. Kaka alitupeleka kula sato sehemu moja huku ziwani, siku mwanawe alipopata kipaimara. Meza zote za pale zilikuwa na miguu ya cherehani, juu wamepigilia mbao na kupaka vanishi. Mama aliinama akaigusa pedeli chini ya meza kwa kiatu chake. Haikwenda, walikuwa wameichomelea. Sato wake alibaki mzima na ndimu yake pembeni.

Nikaiweka mnadani, nikaeleza kwamba ni ya mama na mikono yake imechoka. Wakabaki wawili wanapandishiana. Mmoja alikuwa bwana anayejenga hoteli upande wa ziwa, na hata picha yake ya kundi alikuwa ameegemea meza, miguu ya chuma inaonekana! Wa pili alikuwa mwanamke wa Nansio, kule kisiwani Ukerewe, ambaye picha yake ilikuwa ua tu. Kwenye mnada huwezi kumwambia mtu hela yako siitaki kwa sababu ya meza, kundi lingenivunjikia. Nikakaa naomba Mungu. Jua linazama, bwana wa hoteli akapanda. Mwanamke akampita kidogo sana. Nikaandika haraka, "Limekwenda Nansio!" nikapiga kigelegele jikoni peke yangu.

Halafu kimya.

Siku ya kulipa ikapita. Nikamwandikia, akajibu, "Dada nipo, vumilia kidogo." Nikampigia, akapokea, akanisalimia vizuri, akamuulizia mama. Nikauliza, "Mpenzi, unalipa lini?" Akasema dagaa hawatoki kwa sasa, wakianza kutoka atatuma. Nikaona hadithi hiyo. Dagaa hawatoki, na mimi kila nikipita sokoni nawaona kwenye magunia mpaka mlangoni? Kila asubuhi mama alikuwa ananiuliza swali moja, "Kalipa?" Nikisema bado, anaitazama ile cherehani chini ya kitambaa chake.

Bwana wa hoteli naye hakulala. "Dada, asiyekuwepo na lake halipo," aliniandikia. Nikamjibu, "Yupo, ila yupo ng'ambo." Kwenye kundi wakaanza kelele, mbona sisi ulitubandika, huyu wa Nansio ni nani yako? Na walikuwa na haki, sheria ni zangu. Nikaandaa picha ya lile ua na maneno yake, kidole kikawa tayari juu ya kitufe.

Nikashindwa. Si huruma, nisijisifu. Ni ule ugonjwa wangu. Mtu anayekimbia deni hapokei simu. Huyu anapokea, tena anamuulizia mama yako anaendeleaje na mikono. Tapeli gani huyo? Nikasema kuuliza si ujinga, nikapanda meli ya asubuhi kwenda Nansio. Mama sikumwambia ninakwenda kufanya nini. Nilimwambia napeleka mzigo.

Nilimpata kwa kuulizia, kwenye mwalo mmoja, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, nje kidogo ya mji. Na kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba hakuna kitu. Chanja za kuanikia dagaa zilikuwa tupu, zile nyavu zake zimelegea, kuku wanatembea juu. Mitumbwi imevutwa nchi kavu. Taa za kuvulia zimepangwa ukutani, zimefutwa vizuri. Wanaume wanashona nyavu na kucheza bao, wanawake wanasukana nywele. Siku ya kazi, jamani! Mimi natoka Nyakato ambako viwanda vinanguruma, nikajiuliza kama pana msiba.

Yeye mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, mdogo kwangu kidogo, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nusu ya kichwa imesukwa. Nilipojitaja akasimama na hiyo nusu yake.

"Yesu wangu! Dada wa mnada umekuja mwenyewe?"

"Nimekuja mwenyewe. Dagaa wako wapi?"

Akanitazama kama mtu anayetaka kujua namtania au la. Kisha akanyoosha kidole ziwani. Ilikuwa mchana kweupe, lakini kule juu ya maji mwezi ulikuwa unachomoza mapema, mweupe, umeshapita nusu, unakwenda kujaa.

"Si huo hapo? Mbalamwezi hii utavua nini? Dagaa tunawaita kwa taa. Ziwa lote likishakuwa jeupe, taa yako wataifuata ya nini? Tunakaa mpaka giza lirudi."

"Na wale wa sokoni?"

"Wale walivuliwa kipindi cha giza. Ni wa wenye maghala, si wetu."

Nikajishika kiuno. Miaka yote hiyo watu wa visiwani wananyamaza pamoja na kulipa pamoja, kumbe kikao chao kiko angani! Na mimi naishi palepale chini ya mwezi huohuo, sijawahi hata kuinua kichwa kuutazama, nauona tu ukikatika umeme. Nilicheka mpaka yule aliyekuwa anamsuka naye akacheka bila kujua kwa nini.

"Mbona hukunieleza hivyo kwenye simu?"

"Nikueleze nini dada? Nilijua unajua. Nani hajui?" Kisha akageuza kibao, mkono kiunoni kama mimi. "Tena wewe ndiye umekosea. Kitu kikubwa vile unakinadi giza linaisha! Nilisema siku mbili tatu zilizobaki zitanitosha, upepo ukavuruga ziwa, boti hazikutoka. Ungengoja giza lianze ungeona watu wa visiwani tunavyolipa."

Nikamuuliza cherehani ya nini kwa mtu wa dagaa. Akaonyesha wale wanawake waliokaa. Alisema giza likiwepo hawapumui, wanaanika, wanageuza, wanafungasha. Mbalamwezi ikija wanakaa hivyo, wanakula walichovuna mpaka kinaisha, na giza likirudi wanaanza tena na deni dukani. Yeye alijifunza kushona akiwa msichana, kwa masista. "Mwanga ukija na mimi niwe na kazi," alisema. "Nichoke kukaa kwenye ndoo."

Wakati huo simu yangu ikatetemeka. Ujumbe wa muamala. Bwana wa hoteli ametuma hela, yote, bila kuulizwa, na chini yake maneno: "Nimesubiri vya kutosha. Vijana wangu wanakuja na gari kuchukua mzigo."

Mzigo ulikuwa kwa mama, na kila mtu kundini anajua vitu vyangu vinakaa kwa mama. Nikampigia mama, haipokelewi. Nikampigia yule bwana, akakata. Yule mwanamke akauliza kuna nini. Nilipomweleza, hakusema nimpe muda, hakulia. Alisema tu, "Basi dada, kama imeondoka imeondoka," akakaa tena kwenye ndoo yake. Hapo ndipo niliumia.

Nikakimbilia meli ya mchana. Katikati ya ziwa mtandao ukapotea kabisa, nikabaki nimeshika simu iliyokufa, natukana hoteli zote za dunia kimoyomoyo. Nilikuwa namwona mama akisimama mlangoni, gari linaondoka na ile miguu yake ya maua. Nilishuka bandarini nikachukua bodaboda, nikamwambia kijana wa watu usinihurumie.

Gari lilikuwa bado nje ya nyumba. Vijana wawili wameegemea mlango wa gari, na bwana wa hoteli amekaa kwenye kiti cha plastiki uani, anakunywa soda ambayo bila shaka mama ndiye aliyemnunulia. Ndani nikasikia cherehani inalia.

Mama alikuwa ameketi nayo. Kitambaa kiko chini, miguu inakanyaga, mikono inatetemeka juu ya foronya ya zamani. Hakunitazama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimewaambia wangoje, nina kazi ya mtu. Fundi haachi kazi ya mtu katikati."

"Kazi ya nani?"

"Yule baba nilimuuliza, mwanangu, wewe unashona nini? Akaniambia, mama, mimi natengeneza meza." Akafika mwisho wa mshono, akageuza nguo, akaanza upande mwingine. "Basi kazi yangu haijaisha."

Nikaiangalia ile foronya. Alikuwa ameishona pande zote nne, mishono imepinda kama njia ya ng'ombe, mmoja juu ya mwingine. Haikuwa na mdomo tena, na yeye bado anashona. Alikuwa ameanza tangu wale vijana wabishe hodi.

Nilitoka uani nikamrudishia bwana wa hoteli hela yake palepale, na makato nikala mimi. Alisema sheria ya kundi ni yangu mwenyewe. Nikamwambia ndiyo, na kuanzia leo nimeirekebisha: mtu wa dagaa anangojwa mpaka giza. Akauliza giza gani, mbona jioni hii linaingia? Nikamwonyesha mwezi juu ya mabati ya jirani. Akautazama muda mrefu, chupa mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Aliaga vizuri, akasema mama yako ana miguu ya nguvu.

Kwenye kundi walinisema sana, wakanibandika mimi ukutani, picha yangu yenyewe. Nikaiacha ikae.

Giza liliporudi hela ya Nansio iliingia, na siku hiyohiyo wakalipa watu wengine wa visiwani niliokuwa nimewakatia tamaa. Cherehani tuliifunga kwa magodoro ya zamani, mama akasimamia kila kamba. Ilipoondoka aliingia ndani akalala mchana, kitu ambacho hafanyi. Nilifikiri nimemuua kwa huzuni. Hakuitaja tena, wala mimi sikuthubutu.

Kisha mbalamwezi ikaja. Tulikuwa barazani tunachambua mchicha, ukanifikia ujumbe wa sauti kutoka Nansio. Nikaufungua. Hakukuwa na salamu wala neno, ilikuwa cherehani tu, inakwenda, inasimama, inakwenda, na nyuma yake wanawake wanacheka.

Mama akaacha mchicha. Akasogeza sikio mpaka karibu na mkono wangu, macho ameyafumba, na mguu wake wa kulia ukaanza kupanda na kushuka juu ya sakafu.

"Mkanda umelegea," akasema. "Mwambie akaze."

Nikaanza kuandika. Akanishika mkono.

"Ngoja kwanza. Rudisha nyuma, nisikie tena."