Niliingia Ukweni Nikinuka Methilamini

Nimekosa, ndugu zangu, tena kosa la kujitakia. Nichekeni mkitaka, ila mnisikilize.

Mimi ni mwalimu wa kemia, nimepangiwa Nyamwaga kutoka mkoa mwingine. Huku nikampenda Robi, binti wa Kikurya. Siku ya kwenda kujitambulisha kwao nikaamua kufundisha kipindi kimoja kwanza, suti yangu mwilini. Jeuri hiyo!

Kipindi kilikuwa cha methilamini, gesi iliyo ndugu wa amonia. Unapasha chumvi yake na sodiamu haidroksaidi kwa maji ya moto, gesi inatoka, litmasi nyekundu inageuka bluu. Gesi hiyo inawasha macho na inashika moto upesi, kwa hiyo unafungua madirisha, unavaa miwani, glavu na koti la maabara. Wanafunzi wote walivaa. Mimi nikaona koti litanikunjia suti! Na madirisha nikayafunga, vumbi lisinichafue.

Methilamini inanuka samaki aliyeoza. Pua yangu ilizoea, suti ikanywa yote.

Nilipofika ukweni na pikipiki yangu, ng'ombe zizini wakarudi nyuma. Kwa Mkurya hiyo peke yake ni kesi. Nikaamkia, shikamoo kwa wote. Shangazi yake Robi akaziba pua.

"Marahaba. Sasa wewe mwalimu, unanuka nini?"

Shetani akanikalia ulimini. "Nimewaletea sangara, shangazi. Nimewaacha kwenye pikipiki."

Jamani! Shangazi akapiga vigelegele, mama mkwe akabandika sufuria. Wakaenda kwenye pikipiki, wakarudi mikono mitupu.

Baba mkwe akanitazama weee.

"Huyu amekula samaki wetu njiani," akasema. "Tena wabichi."

Nikaanza kueleza habari za gesi. Nani amsikilize mtu aliyekwisha kudanganya? Mazungumzo ya mahari yakaahirishwa. Robi alilia kwa aibu, na machozi yale yananiuma mpaka leo.

Kinachoniua zaidi, asubuhi ile ile nilifundisha kwamba asidi huigeuza methilamini kuwa chumvi isiyonuka. Na mezani pao kulikuwa na bakuli zima la ndimu! Ningesema kweli, ningejipaka, tungecheka, tungekula.

Vijana, vaeni koti la maabara, fungueni madirisha. Na mkinuka ukweni, semeni kweli upesi, maana uongo huzaa.

Juzi Robi kanipigia, mara ya kwanza tangu siku ile. Eti baba yake anauliza kama tumbo langu limepona.

Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Mwambie mzee limepona."