Pipi za Siagi na Chumvi

Jirani yangu hapimi kitu. Huiacha sukari iyeyuke hadi iwe kahawia, kisha hutia siagi, malai na chumvi ya bahari kutoka Guérande anayoivunja kwa vidole vyenye makovu ya moto, huku akiibembeleza sufuria: "Tulia, mama, tulia." Jana nilikwenda kumkatalia. Alitaka pipi zake zikae upande wa mbele wa meza yangu sokoni, mahali pa sadini zangu za kopo. Kabla sijasema neno, akanitumbukizia pipi kubwa mdomoni, bado laini. "Onja kwanza, Gwenael, ubishi baadaye." Meno yakagandana. "Mbele, siyo? Hukatai?" Nikanguruma. "Asante, jirani mwema!" Mpaka ulimi unanasuka, nilikuwa nje mlangoni, na sadini zangu zimeshapangiwa nyuma ya meza.