Jina Nililoliruka Mlangoni

Nilipokuwa mtoto, kuhama nyumba hakukuwa kufunga vyombo tu. Bibi yangu wa Kyondo, mama yake baba, alitufundisha kwamba kivuli cha mtoto ni kizito kuamka. Kinapenda pembe aliyozoea kulala. Kwa hiyo vyombo vikishatoka vyote, mtu mmoja hubaki mlangoni, anaingiza kichwa katika ile nyumba tupu na kuwaita watoto kwa majina, mmoja mmoja. Anayeitwa huondoka bila kugeuka nyuma. Asiyeitwa, au anayegeuka, kivuli chake kimebaki humo. Na mvi zangu hizi zote, bado siwezi kukuambia kwamba ni uongo.

Tulikuwa tunakaa Kasese, kwenye safu za nyumba karibu na reli. Baba alikuwa mpakizi wa shaba kwenye mabehewa, mpaka siku mgongo ulipomkatalia. Kazi ikaisha, na nyumba ilikuwa ya kazi. Likaja lori la kutupeleka Bwera, ambako baba alikuwa na shamba dogo la kahawa aliloachiwa na babu.

Siku hiyo mama alikuwa ameketi mbele na mtoto mchanga, Biira, aliyekuwa na homa. Akanifokea kupitia dirishani, "Masika! Kimbia ukawaite wenzako, dereva ana haraka!"

Nilikuwa na miaka minane au tisa. Nikasimama mlangoni. Sisi Wakonzo majina yetu yanafuata zamu ya kuzaliwa, wa kwanza ana lake na wa pili ana lake, kwa hiyo kuruka moja kwa kusahau si rahisi. Nikaita, "Mumbere!" Huyo ni kaka yangu mkubwa. Nikaita, "Biira!" Nikafunga mdomo.

Bwambale sikumwita. Alikuwa na miaka mitatu, na asubuhi ile ile alikuwa amechukua kopo langu la mawe ya kijani, yale mawe ya shaba baba aliyoniletea moja moja, akalimwaga chooni huku anacheka. Nikasema moyoni, basi kaa hapa hapa na mawe yangu. Nikakimbilia lori.

Kule Bwera mtoto hakutulia. Ukigeuka tu, Bwambale hayupo. Tunamkuta barabarani, uso ameuelekeza Kasese, anatembea katikati kama mtu mwenye safari yake. Malori ya Wakongo yenye magunia yanapiga honi, yeye hapishi. Mara moja dereva mmoja wa Butembo alimleta nyumbani amembeba kwapani kama kuku.

"Mama, huyu mutoto iko yako?" akauliza, jasho linamtoka. "Nimefunga breki mpaka Mungu ameniona. Siku ingine sitaweza."

Mama akamfunga kamba kiunoni, ncha nyingine kwenye nguzo ya jiko. Mtoto akaitafuna mpaka ikakatika. Bibi alipokuja kututembelea, alimtazama yule mtoto siku nzima. Jioni akamwambia mama, "Huyu hamkuja naye. Mmekuja na mwili. Aliyemwacha arudi akamwite, kabla lori halijamkuta."

Mama alilia sana usiku ule, akijilaumu kwamba angepaswa kuita mwenyewe. Mimi nilikuwa nimelala mkekani, macho makavu. Nilijua aliyemwacha ni nani.

Shule zilipofungwa, mama akamwambia baba kwamba watoto wanaililia treni. Baba alikuwa Mkatoliki wa kweli kweli, mambo ya vivuli hakutaka kuyasikia, lakini Kasese aliipenda. Akachana nywele, akavaa koti. "Haya," akasema, "twendeni likizo kama wazungu! Mama Mumbere, uko wapi mwavuli wako?"

Tukapanda basi la alfajiri, Biira mgongoni kwa mama. Nakumbuka tembo upande wa ziwa, na watu wote wakainuka kuwatazama, isipokuwa mama. Mama alikuwa amemshika Bwambale kwa mikono miwili. Na Bwambale, kadiri tulivyoukaribia mji, alikuwa anatulia, mpaka alipoona mabati ya stesheni akacheka. Kicheko kile kilinitisha kuliko kulia.

Baba akamchukua Mumbere kwenda kusalimu rafiki zake wa reli. "Saa saba tuwe kwenye basi," akasema. Sisi tukaenda kwenye nyumba yetu.

Haikuwa yetu tena. Mlango ulikuwa umepakwa rangi nyingine, na kwenye kamba ilining'inia sare ya askari. Serikali ilikuwa imebadilika, na kambi ilikuwa imejaa watu kutoka mbali, hata wengine wakapewa nyumba za reli. Akatoka mwanamke mrefu, mweusi tii, na mtoto wa kike amemng'ang'ania gauni.

"Nyinyi nataka nini hapa?"

Mama akaeleza. Akachanganya maneno, akarudia. Yule mwanamke akakunja mikono. "Unataka kuweka dawa ndani ya nyumba yangu? Afande nakuja kula sasa hivi. Akikuta nyinyi, mimi ndio napigwa."

"Si dawa, dada. Ni jina tu. Naita jina, naondoka."

Wakati wanabishana, Bwambale aliwapita miguuni, akaingia. Tukamwona amekwenda moja kwa moja kwenye pembe aliyokuwa analala zamani, nyuma ya kitanda cha watu, akachuchumaa hapo. Yule mwanamke akashika mdomo. Akamtazama mtoto, akamtazama mama, akasogea mlangoni. "Ita, basi. Haraka."

Mama akaita. "Bwambale!" Hakuna. "Bwambale, baba yangu, njoo twende!" Mtoto akageuza uso ukutani. Mama akaita mpaka sauti ikakatika, na kutoka upande wa barabara ya kambi tukasikia gari.

"Mama," yule mwanamke akanong'ona, "mutoe kwa nguvu!"

"Nikimtoa kwa nguvu nitakuwa nimetoa mwili tena."

Hapo ndipo nilipoona kwamba atabaki. Kwamba tutarudi Bwera na mwili wake, na lori litaumaliza. Nikasema, "Mama, si wewe. Ni mimi. Niliwaita wote, yeye nikamruka. Kwa sababu ya mawe."

Nilingoja kofi. Mama hakunipiga. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye mgeni pale, kisha akanisukuma mbele taratibu. "Mwite, Masika."

Nikaingiza kichwa. Nyumba ilinukia mafuta ya samaki na viatu vya askari. Nikasema, si kwa sauti kubwa, "Bwambale. Njoo. Mawe sina haja nayo."

Akainuka, akatoka, akanipita bila kugeuka. Labda ni sauti yangu, kwa maana mimi ndiye niliyekuwa namlea. Labda alichoka kuchuchumaa. Tangu siku ile hakwenda tena barabarani peke yake.

Gari lilikuwa la mtu mwingine, likapita. Yule mwanamke akapumua, akacheka na kupiga makofi. Jina lake lilikuwa Mama Poni, alituambia sasa, na aliyemshika gauni ndiye Poni. Kisha akaniinamia. "Na wewe, kadada? Siku ile, nani aliita wewe?"

Hakuna aliyeniita. Mwitaji hajiiti.

Lakini saa saba ilikuwa imefika. Mama akanivuta mkono, tukakimbia. Tulipofika relini nikasikia nyuma yangu, kwa sauti ya kutosha kuamsha safu nzima, "Masikaaa!" Nami nikageuka. Nilijua haifai. Nilitaka tu kumwona mtu aliyenikumbuka. Alikuwa mlangoni, ameinua mkono wa Poni, wananipungia.

Tangu hapo nimehama mara nyingi. Nimelima Kyondo, nimeuza chai Ibanda, nimeuza samaki Kasenyi, na kila mahali nikishaketi mwezi mmoja miguu inaanza kuuliza njia. Wajukuu huniambia, "Bibi, tulia." Bwambale, mzee sasa, hata harusini hataki kusafiri. Ananicheka.

Mwaka ule serikali ile ilipoanguka na askari wake wakakimbia, nilikuwa msichana mkubwa, nauza ndizi kando ya barabara Bwera. Malori yalipita kuelekea mpakani, magodoro juu, wanawake na watoto juu ya magodoro. Nilitafuta mwanamke mrefu na msichana. Nikafungua mdomo niite, vumbi likaujaza. Watu wanaokimbia hivyo, nani alibaki mlangoni kuwaitia watoto?

Hilo lilinisumbua miaka mingi. Siku hizi ninaposhindwa kuketi, nawaza hivi: kama kweli niligeuka, na kama kweli kuna kitu changu kilichobaki katika nyumba ile, basi siku ile walipokimbia nyumba hiyo haikuwa tupu. Palikuwa na mtoto mlangoni, anayejua kazi ya kuita, na jina la Poni alikuwa analijua. Nina hakika safari hii hakuruka mtu.