Alama Kwenye Mwimo wa Mlango

Mkewe alipopigwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalala, na fundi seremala akafanya alichokijua: akapima. Kila Jumapili alimketisha mkewe kando ya mwimo wa mlango, akamwambia, "Haya, inua," kisha akachora kwa penseli pale vidole vilipofika. Juu kidogo alikuwa amegonga msumari, usawa wa gurudumu la cherehani ya mkewe, mkono ulipotakiwa kufika ili ashone tena. Alama za mwanzo zilirukaruka kama mbuzi. Baadaye zikaanza kubanana, mpaka ya mwisho ikapanda unene wa ukucha tu, na msumari bado uko kule.

Fundi akakata tamaa kimyakimya. Akaanza kuunda sanduku.

"La nani hilo, Baba?" akauliza binti yake, aliyekuja likizo kutoka chuoni, anakosomea hisabati.

"La cherehani. Ataichukua shangazi yako. Mama yako amegota. Kinachopungua kina mwisho wake, mwanangu. Ongeza nusu ubao, kisha robo, kisha nusu ya robo, endelea hivyo mpaka uote mvi, hupiti ubao mmoja."

"Hapo umesema kweli. Ila si kila kinachopungua hupungua hivyo."

"Chuo hicho kitakufanya urukwe na akili!"

Binti akaokota vipande vya mbao vilivyolingana. Kimoja akakiweka ukingoni mwa meza ya kazi, nusu yake nje. Akaingiza cha pili chini yake, akavisogeza vyote nje kwa robo ya ubao. Cha tatu, sehemu ya sita. Kisha ya nane. Kisha ya kumi, kila mara akirudisha unywele mmoja visidondoke.

"Unaona ninavyozidi kubania hatua?"

"Naona vitakavyokuvunja vidole vya miguu."

Havikuanguka. Fundi akachuchumaa, akafumba jicho moja. Akateremsha timazi kutoka ncha ya ndani ya ubao wa juu kabisa. Uzi ukashuka nje ya meza. Ubao wote wa juu ulikuwa nje ya meza! Akapitisha kiganja kando ya uzi, hakugusa meza.

"Umri wangu wote na mbao," akanong'ona, "hazijawahi kunifanyia hivi."

"Ukiwa nazo za kutosha utatokeza mpaka barabarani, Baba. Hatua zinapungua, na kikomo hakuna."

"Basi mama yako atapona!"

"Sijasema hivyo. Mkono wake hatujui ni wa namna ipi. Nasema kupungua peke yake hakukuambii kitu."

Sauti ikatoka ndani: "Nyie mafundi! Hilo sanduku nimelisikia likigongwa tangu jana. Nikajua langu hilo, ila nikasema mbona fupi?"

Fundi akageuza nyundo mkononi. Kisha akaanza kung'oa misumari ya sanduku, mmoja mmoja. Alipomaliza akaingia ndani.

"Leo si Jumapili," mkewe akasema.

"Inua tu, mama."

Akakaa akiinoa penseli kwa kisu, taratibu, maana nafasi iliyobaki kati ya alama na alama ilitaka ncha kali.